Mama mwenyewe, mama wa kambo au bomba la sindano: njia ipi kwa vitoto vya paka vilivyobaki peke yao?

Magunia ya korosho yakianza kutolewa stoo kwenda mnadani, nyuma ya rundo ndipo vinapoonekana: vitoto vya paka vitatu au vinne, macho yamefumba, mama hayupo. Mambo ni hayo hayo chini ya mtumbwi uliopinduliwa Msanga Mkuu au juu ya dari ya nyumba Kilwa Kivinje. Aliyeviona ana njia tatu: kumsubiri mama arudi, kutafuta paka mwingine anayenyonyesha, au kuvilea mwenyewe kwa mkono. Wengi hukimbilia ya tatu kwa huruma, na hiyo ndiyo inayoua vingi.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Maziwa yatoke kwa paka kama kuna upenyo wowote, na mazoea na watu yatoke kwenu. Watu huchanganya hayo mawili, wakadhani kitoto lazima kinyweshwe chupa ndipo kiwe mpole. Kitoto kinachonyonya kwa paka na kushikwa na watu kila siku huwa na tabia nzuri kuliko kilichokulia peke yake mkononi mwa mtu mmoja.

| | Kumsubiri mama | Mama wa kambo | Kulea kwa mkono |
|---|---|---|---|
| Kinachohitajika | Subira, na stoo yenye upenyo | Paka mzima wa afya anayenyonyesha sasa | Maziwa sahihi, joto, mizani, mtu wa kuamka |
| Kazi ya usiku | Hakuna | Kidogo siku ya kwanza | Kila saa 2 hadi 3 wiki ya kwanza |
| Hatari kubwa | Mama kufungiwa nje, au amekufa kweli | Ugonjwa, au kuvikataa | Baridi, maziwa kuingia mapafuni, kuhara |
| Tabia ya baadaye | Nzuri vikishikwa na watu kuanzia wiki ya 2 au ya 3 | Nzuri kwa sharti hilo hilo | Nzuri vikiwa wawili au zaidi. Mashaka kikiwa kimoja |

Kabla ya kuchagua, jua umri. Kitovu bado kina ukamba: hakijafikisha siku 5. Macho yamefumba na masikio yamelala: chini ya siku 10 hivi, kwani macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele yameanza kuchomoza na miguu inayumba: wiki 3. Anakimbia na kurukia mkia wa mwenzake: wiki 4 au zaidi, na huyo mzigo wake ni mwepesi kwa sababu anaweza kuanza kulamba chakula kwenye kisahani. Kitoto kilichozaliwa leo huwa na gramu 80 hadi 120.

Kumsubiri mama

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama mlango wa stoo ulifungwa kwa kufuli jana jioni. Paka hutoka kuwinda, watu wanafunga, mama anabaki nje analia, na asubuhi vitoto vinaitwa yatima. Acha dirisha au tundu wazi usiku mmoja. Nyunyiza unga wa muhogo kidogo kuzunguka boksi, kisha kaa mbali ambako hakuoni wala kukusikia. Nyayo zikionekana kwenye unga, au matumbo yakiwa yamejaa kesho yake, kazi imekwisha. Mama anapohamisha wanawe hubeba mmoja mmoja, hivyo kitoto kimoja peke yake njiani huenda ni cha mwisho katika safari ambayo haijakamilika.

Watu husema ukivigusa mama atavikataa kwa harufu ya mkono. Si kweli. Anaweza kuhama ukimsumbua mara kwa mara, ila harufu peke yake haimfanyi aviache.

Muda wa kusubiri unategemea hali yao. Vikiwa na joto, vimelala kimya vimerundikana, subiri saa 4 hata 6. Vikilia mfululizo huku ngozi ya tumbo imenywea, usizidishe saa 2. Kitoto kilicho baridi mdomoni ukigusa kwa kidole hakisubiriwi hata dakika; kinatakiwa kupata joto sasa hivi.

Mama wa kambo

Hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote pale mama amekufa kweli, na ndiyo inayotafutwa kidogo mno. Ulizia mtaani, sokoni kwa wauza samaki, kwa majirani wenye stoo. Karibu kila mtaa wa Mtwara mjini au Lindi mjini kuna paka mwenye watoto, ni suala la kuuliza tu. Anayefaa ni yule ambaye watoto wake hawapishani na wako kwa zaidi ya wiki moja hivi. Wakubwa wakipishana sana na wadogo, wadogo husukumwa pembeni na chuchu hawazioni.

Chunguza huyo mama kabla ya kumkabidhi. Macho yenye tongotongo, chafya, kuhara au watoto wake wa uzao mmoja kufa hivi karibuni ni sababu ya kumwacha, kwa kuwa mafua ya paka na parvo ya paka (ugonjwa wa virusi unaoharisha) humaliza vitoto vyote, vyake na vyako. Viroboto navyo viondoe kwanza kwa chanuo lenye meno ya karibu na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha kausha vitoto kabisa. Dawa ya kupe ya ng'ombe, na unga wa viroboto vya mbwa wenye permethrin (dawa ya kuua wadudu), visiguse paka wa umri wowote. Permethrin ni sumu kwa paka hata ile dozi ambayo mbwa haimsumbui.

Namna ya kuviunganisha: chukua kitambaa alicholalia mama huyo, visugue nacho vitoto vigeni mwili mzima. Visubiri vipate joto. Mama akitoka kwenda kula, viweke katikati ya wanawe, si pembeni. Akirudi, kaa karibu saa nzima ya kwanza bila kusema. Kunusa na kulamba ni kukubali. Kunguruma kidogo kwa ukali si neno. Akikamata kimoja shingoni na kukitupa nje mara mbili, au akikipiga kwa makucha, acha hilo jaribio. Paka ana chuchu 8 kwa kawaida, ila za mbele mara nyingi hazina maziwa mengi, hivyo jumla ya vitoto ikizidi 5 au 6 anza kuwapima, na vile dhaifu uvisaidie mara mbili kwa siku kwa bomba. Mwongezee mama chakula, tena sana. Anayenyonyesha wawili wake na wako watatu anahitaji mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida, na maji yasikauke.

Kulea kwa mkono

Ukifika hapa, fuata mpangilio huu: joto kwanza, maziwa baadaye. Kitoto chenye baridi utumbo wake umesimama. Maziwa hukaa tumboni yakachacha, tumbo likavimba, kikafa huku mlezi akisema "mbona nilikilisha?" Kipashe taratibu kwa saa 1 hadi 2 kifuani kwako, chini ya nguo. Usikitumbukize kwenye maji ya moto. Kikianza kujinyoosha na kutafuta chuchu, kipake tone la maji ya sukari kwenye fizi, kisha maziwa.

Wiki ya kwanza kiota kinatakiwa nyuzi joto 29 hadi 32. Mchana wa Novemba Mtwara hautakusumbua, lakini kati ya Juni na Agosti usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20, na Newala juu ya uwanda wa Makonde kuna baridi zaidi. Chanzo cha joto kipi? Chupa ya soda ya nusu lita iliyojazwa maji ya moto yasiyounguza mkono, ikazungushiwa kitenge, ndiyo ya uhakika hata umeme ukikatika. Ibadilishe kila saa 3, kwa sababu chupa iliyopoa hunyonya joto la kitoto badala ya kulitoa. Balbu inafaa kama ni ile ya zamani ya wati 40, juu ya pembe moja tu ya boksi, umbali wa nusu mita. Taa za LED zinazouzwa sasa hazitoi joto la maana, na wengi wanadhani wamewasha kumbe vitoto vinatetemeka chini ya mwanga. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa liache: moshi wake usioonekana huua wao na wewe. Kwa vyovyote, nusu ya boksi ibaki bila joto ili kilichoona joto limezidi kitambae kuondoka.

Boksi liweke juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na sabuni kidogo. Siafu wakiingia usiku hawabakishi kitu. Na gunia lililobebea salfa ya mikorosho lisiwe tandiko, vumbi lake huwasha macho na kifua.

Maziwa. Kopo la maziwa ya unga ya vitoto vya paka ndilo bora, bila ubishi, na kwa kawaida utaliagiza Dar es Salaam lipandishwe basi. Likiwa njiani, changanya haya: kikombe kimoja (mililita 240) cha maziwa halisi ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa, viini 2 vya mayai mabichi yasiyo na ufa, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, na tone 1 la vitamini za watoto wachanga. Chuja kwa chujio la chai. Weka kwenye friji, na mwisho wake ni saa 24. Asiye na friji atengeneze robo ya kipimo kila mara. Ni ya siku chache, si ya mwezi.

Mengine yanayopendekezwa mtaani tuyapime. Maziwa ya ng'ombe matupu: protini yake ni kama nusu ya iliyomo kwenye maziwa ya paka, kwa hiyo kitoto kinashiba, kinahara, na hakikui. Ya mbuzi yanasifiwa sana, lakini kwa protini na sukari yake yako karibu na ya ng'ombe, hivyo hayaponyi tatizo. Maziwa ya kopo ya binadamu mchanga ni mepesi zaidi. Tui la nazi ni mafuta bila protini ya kutosha. Ni la kupikia samaki. Uji wa muhogo au sembe hausagwi na tumbo la kitoto cha wiki mbili hata kidogo.

Kiasi: kwa siku, takribani mililita 20 kwa kila gramu 100 za uzito. Kitoto cha gramu 100 kikinyweshwa mara 8 ni mililita 2.5 kila mara, na kisizidishiwe mililita 4 kwa mkupuo, ndicho tumbo linachobeba. Wiki ya kwanza kila saa 2 hadi 3, ya pili kila saa 3 hadi 4, ya tatu kila saa 4 hadi 5. Pima uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni ya kidijitali, muda ule ule. Kuongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku ni sawa. Siku moja bila kuongezeka, kagua maziwa na joto. Kupungua ni dharura.

Chupa au bomba? Chupa yenye chuchu ndogo ya paka humruhusu mwenyewe anyonye kwa kasi yake, na kunyonya kunamtuliza. Tundu lisiwe kubwa: ukiipindua, maziwa yadondoke tone moja moja, yasichuruzike. Chuchu ya mtoto wa binadamu ni kubwa mno kwa mdomo huo. Bomba la sindano la mililita 1 au 2.5 bila sindano linapatikana duka lolote la dawa kwa bei ndogo na hukupa kipimo kamili, ila mwenye kasi hapo ni wewe, na kidole kikiteleza maziwa yanaingia mapafuni. Mpira wake ukioshwa mara kadhaa hukwama, halafu huachia ghafla. Hapo ndipo ajali hutokea, basi libadilishe kila siku. Kwa wiki ya kwanza na mlezi mwenye mkono mtulivu tungechukua bomba. Kuanzia wiki ya pili, chupa. Pamba iliyolowekwa maziwa na kijiko tungeviacha vyote viwili.

Kwa chombo chochote, kitoto kilale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kichwa kimeinuka kidogo. Kukilaza chali kama mtoto wa binadamu ndilo kosa linaloua zaidi. Maziwa yakitokea puani, acha, kiinamishe kichwa chini, futa, subiri. Kikianza kupumua kwa kasi siku moja au mbili baadaye, hicho ni kichomi, kipeleke kwa daktari wa mifugo wa halmashauri siku hiyo hiyo.

Baada ya kila mlo, chukua pamba yenye maji ya vuguvugu, papasa taratibu sehemu za siri na njia ya haja hadi kikojoe. Mama huyafanya hayo kwa ulimi, na kitoto chenyewe hakiwezi hadi wiki ya 3 hivi. Mkojo kila mlo, kinyesi walau mara moja kwa siku, laini na cha manjano. Kikiwa cha maji, mlo mmoja mpe maji ya chumvichumvi ya dukani yaliyochanganywa kwa kipimo badala ya maziwa, kisha rudi na kiasi kidogo. Kikiendelea siku nzima au kikiwa na damu, si kazi ya nyumbani tena. Ukiona vinanyonyana sehemu za siri hadi kuvimba, vitenganishe kwa pazia la wavu ndani ya boksi, visikie joto la mwenzake bila kufikiana.

Kuvizoesha watu

Hapa ulinganisho wa maana ni wa lini, nani na wangapi.

Kuanza wiki ya 3 au wiki ya 7? Dirisha la paka kuzoea binadamu liko kati ya wiki ya 2 na ya 7, na baada ya hapo linafunga taratibu. Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha miaka ya 1980 kwamba vitoto vilivyoanza kushikwa wiki ya 3 vilikuja kuwapenda watu zaidi ya vilivyoanza wiki ya 7, na kwamba vilivyoshikwa dakika 40 kwa siku vilisogelea watu haraka kuliko vya dakika 15. Wiki ya kwanza, basi, mikono ya kulisha na kupima inatosha. Wiki ya pili ongeza dakika 5 mara mbili. Kuanzia ya tatu, dakika 40 zikigawanywa vipande vinne, kitoto kikiwa juu ya paja kwenye mkeka sakafuni, ambako akianguka haumii.

Mtu mmoja au nyumba nzima? Kikishikwa na mmoja hushikamana na huyo na kuwakimbia wengine. Watu 4 au 5 wa aina tofauti, mwanamke, mwanamume, bibi, mtoto anayeelewa "taratibu", humfanya asiogope wageni. Mtoto wa chini ya miaka 5 akae, apakatishwe, asitembee nacho. Kila mmoja aguse masikio, afungue mdomo sekunde moja, abonyeze nyayo kucha zitoke, ageuze tumbo. Hiyo ndiyo itakayorahisisha kumpa dawa ya minyoo na kumkata kucha maisha yake yote. Kikianza kujikaza na kupiga mkia, punguza muda, usikilazimishe, ila kiachie kikiwa kimetulia. Ukikiachia kikiwa kinapambana, kimejifunza kupambana.

Stoo au ndani? Kitoto kilichokulia stoo hadi wiki ya 8 hakijui redio, pikipiki wala kinu. Sogeza boksi jikoni kuanzia wiki ya 3, redio kwa sauti ya chini, wanatwanga kisamvu umbali wa mita chache, kisha karibu zaidi. Msimu wa unyago ngoma za usiku huwa kali. Kipatie mahali pa kujificha, boksi lenye mlango mdogo, kirudi chenyewe kutazama.

Kimoja au wawili? Kama una uchaguzi, wawili, hata wa matumbo tofauti. Mwenzake ndiye anayemfundisha kwamba kung'ata kwa nguvu kunakatisha mchezo. Anayelelewa peke yake kwa chupa hujaribu meno kwenye mkono wa mlezi, na mlezi anacheka kwa kuwa ni madogo. Miezi 6 baadaye hacheki. Mkono usiwe kichezeo siku hata moja; tumia kamba ya mkonge yenye fundo la kitambaa.

Kumtoa wiki ya 6 au ya 9? Wengi huja kuchukua akiwa na wiki 6 kwa sababu anapendeza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wa 2017 ulihusisha kuachishwa kabla ya wiki 8 na ukali zaidi ukubwani. Mzuie hadi wiki 9, na 12 ni bora zaidi. Kuanzia wiki ya 4 mpe samaki wa kuchemsha asiye na miba, aliyepondwa, akichanganywa na maziwa yake. Samaki mbichi kila siku humaliza vitamini B1 mwilini, na ng'onda ana chumvi nyingi mno kwa figo ndogo. Dawa ya minyoo ya pyrantel huanza wiki ya 2 au ya 3, hurudiwa kila wiki 2, kwa uzito uliopimwa na mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3. Anayeng'atwa na paka asiyejulikana, hata mdogo, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Anayetaka paka wa kukamata panya wa stoo tu huona haya yote ni ya mjini. Hata huyo tungemtengea dakika 15 kwa siku kuanzia wiki ya 3, mtu mmoja au wawili, na chakula cha jioni mahali pale pale. Paka wa stoo asiyeshikika hakamatiki siku ya chanjo, na akikatwa na bati mguu, hutamwona hadi anuke. Kama ulimpata akiwa na wiki 9 na ananguruma kwa ukali kwenye kona, usianze kwa mkono: anza na kisahani umbali wa mita mbili, kisogeze kidogo kila siku, na mkono uje wa mwisho, ukiwa na samaki.